Chumba cha Mama Hakijakauka

Fundi rangi huyu walimwita Bado, na jina likamganda. Ukimwita kwenye nyumba mpya, kwanza alibandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu, akakiacha mpaka kesho yake. Akikuta matone ndani ya nailoni, alikunja ngazi. "Bado," alisema, na hapo ungembembeleza mpaka koo likukauke, brashi haishiki ng'o. Plasta mbichi imejaa maji, aliwaeleza wateja wake mmoja mmoja, na maji hayo hayana pa kutokea ila dirishani.

Sasa ikaja zamu ya nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili tu, kimoja cha mama yake. Mama alikuwa akikaa kwa binti yake, na pumu yake si ya mchezo. Unyevu kidogo tu, kifua kinaanza kupiga filimbi. Bado akafungua madirisha ya pande zote upepo upenye, akabandika nailoni chumbani kwa mama. Kila asubuhi, matone. Mama akiuliza atahamia lini, jibu likawa lile lile. Mwishowe mama akaacha kuuliza, na huyu bwana, na akili zake zote, hata hakushtuka. Jamani, mama yule na kunyamaza wapi na wapi!

Siku moja yuko kazini mtaa wa pili, mvua ikaanza. Akatoka mbio akafunge madirisha ya upande unaopigwa na mvua. Alipokata kona akaona yote yamefungwa. Akamshukuru mkewe moyoni. Kisha akaona vioo vinatiririka maji, na maji yako kwa ndani.

Mlango ulizibwa tambara kwa chini. Akausukuma kwa bega, joto zito la mkaa likampiga usoni. Kuta zilikuwa zinatoka jasho. Chumbani kwa mama, jiko la mkaa linawaka katikati ya sakafu, na mama mwenyewe kakalia begi lake la nguo, kichwa kimeegemea ukuta, midomo imepauka.

Alimbeba mikononi mpaka nje, akampigapiga mashavu huku mvua inawanyeshea wote wawili. Akaona kifua hakipandi. Alijua hapo hapo kwamba mama amemfia. Ndipo mama akakohoa, akatapika, akavuta pumzi kwa filimbi, na jirani akawakimbiza zahanati kwa gari lake.

Muuguzi alimwekea mama hewa ya mtungi, kisha akamgeukia Bado akampasha. Mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, mnajitakia kifo? Bado alikuwa na maneno hayo hayo mdomoni, tena na mengine makali zaidi, maana hofu ilishageuka hasira. Alimuuliza mama kwa nini hakusubiri.

"Nilitaka nikukaushie," mama alisema, akapumzika kidogo. "Nilidhani hiyo bado yako ni njia ya kuniambia nisije."

Bado alilia, mtu mzima, mbele ya muuguzi. Wateja wote aliwaeleza habari za maji kwenye plasta, hata wale waliomtukana. Mama yake hakumweleza. Wala hakuwahi kumleta aione hiyo nailoni.

Usiku huo mama alilala kwenye kitanda cha mwanawe katika chumba walichopanga, yeye na mkewe wakatandika chini. Mama alipopata nguvu za kutembea, Bado alimpeleka kwenye nyumba. Madirisha yalikuwa wazi, upepo unapita. Alimwambia kuanzia leo yeye ndiye mkaguzi, na siku atakayosema imekauka, ndiyo siku ya kuhama.

Mama alivaa miwani, akasogea ukutani, akaibonyeza nailoni kwa kidole. Matone yakaungana, yakateremka. Aliyatazama mpaka yakafika chini.

"Bado," alisema, akamshika mwanawe mkono watoke nje.