Msiba Nilioutangaza kwa Simu

Mimi si mtu wa vikundi. Kwaya ya kanisa ilinishinda mapema, na kazini, katika duka la dawa za mifugo mjini Kisii, wenzangu wakitoka kwenda kula pamoja mimi hubaki na chapati yangu nyuma ya kaunta. Si kiburi. Watu hunichosha tu, na nikichoka nakuwa na mdomo.

Ndiyo maana niliupenda ule mchezo wa simu. Unatembea porini na upinde wako, unawinda, unachuma dawa, hakuna wa kukuuliza umeamkaje. Shida ni kwamba vitu vizuri havipatikani ovyo. Ukitaka kubadilisha ngozi zako kwa chuma cha mwingine, lazima uwe mwanachama mahali, maana kila chama kina soko lake. Nikajiunga na kimoja cha Wakenya na Watanzania. Nilitaka soko, sikutaka watu. Lakini chama ni chama hata kiwe cha kwenye simu: kina mwenyekiti, kina sheria, kina umbea, na kila Jumapili alasiri wote mnakwenda kupigana na dubwana fulani. Ukizidi kukosa unatolewa.

Basi nikawa mtu wa visingizio. Leo stima zimepotea. Leo bando limeisha. Leo nina homa. Mle ndani nilikuwa nimemzoea mmoja tu, kijana anayeuza mitumba katika soko la Daraja Mbili, hapohapo Kisii. Siku moja nilipomuuzia ngozi aliniandikia kwa Kikisii, akauliza kama hiyo bei ni ya watu wa nyumbani au ya watalii. Nikacheka peke yangu dukani. Tangu hapo tukawa tunauziana na kupiga soga, mara nyingine kwa sauti. Hatukuwahi kuonana. Kwetu nilimwelekeza kwa kujisifu tu: Nyamira, ukishapita kituo cha kupimia majani chai, lango la bluu, migomba inayoshinda ya majirani wote. Alikuwa rafiki yangu, ingawa wakati huo nisingekubali kumwita hivyo.

Jumapili moja nilikuwa nyumbani kwa mama. Mwenyekiti wetu, mwanamke wa Mombasa asiye na mchezo na mtu, akaniandikia mbele ya wote: "Wewe dada kila wiki una jambo. Haya, safari hii jambo gani?"

Damu ilinipanda. Nikaandika: "Nimefiwa na mama. Tulizika Ijumaa."

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Kisu chake nilikuwa nakisikia.

Pole zikaanza kumiminika. Watu ambao sikuwahi hata kuwasalimu waliacha vita vyao, wakakusanyika kwenye uwanja wa chama, wakaweka silaha chini na kusimama kimya. Kisha sanduku langu likajaa zawadi: chuma, ngozi, na viatu vya vita nilivyokuwa navitamani kwa miezi. Mmoja wao akaniomba niwaambie mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikafikiri kidogo, nikaandika, "Alikuwa mzuri." Mama akaniita chakula ki tayari, nikaenda kula. Viatu nilivivaa jioni ileile. Uongo niliusema kwa hasira, sawa, lakini viatu nilivivaa nikiwa nimetulia kabisa, na hilo ndilo linanichoma.

Huku kwetu pole haitumwi ikaisha. Mtu akifiwa unakwenda bomani kwake, unabeba sukari, unaketi naye. Hayo nayajua tangu utotoni, na bado haikunijia akilini kwamba mtu wa kwenye simu naye ana boma alikofundishwa hivyohivyo.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyuma ya nyumba nakata majani ya ng'ombe. Nikasikia sauti ya mwanamume barazani. Ilikuwa sauti ya yule kijana wa Daraja Mbili. Nikazunguka na panga mkononi. Kijana mwembamba aliyevaa koti la suti na kofia alikuwa ameketi kwenye kiti chetu kizuri, kile cha mchungaji, na mama alikuwa mbele yake anatabasamu mpaka macho yamefumba. Nilimwelewa papo hapo. Alidhani mkwe amefika hatimaye.

"Ndiye huyu," mama alimwambia. "Mwenyewe amekuja."

Kijana akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, dada. Boda alinibishia njia nzima, ati huku hakuna msiba. Nikamwambia atakuwa mgeni." Akamgeukia mama na kumpa mfuko wa sukari na mkate. "Poleni sana kwa kumpoteza mama wa hapa."

"Mama wa hapa," mama alisema.

"Mama yake huyu."

Mama alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi kwa hasira, hasira naiweza. Mama hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Kisha akaupokea ule mfuko.

"Asante, mwanangu. Tushapoa," akasema. "Mimi ni mdogo wake marehemu."

Kijana akaketi tena, akaeleza kwamba mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa bado shuleni, na kwamba siku ile alikuwa mgeni mjini na hakuna aliyekwenda kuketi naye. "Ndiyo sababu nimefunga kibanda leo," akasema. "Nilijua huyu naye ni mtu wa peke yake." Halafu akaomba, kwa heshima, aonyeshwe mahali mama alipolala.

Kwetu mke huzikwa bomani kwake. Hakuna asiyejua hilo, wala hakuna kwingine pa kumpeleka. Kijana aliangalia ua. Kulikuwa na kaburi moja, la nyanya, saruji imepasuka na nyasi zimeota ndani ya nyufa. Mbele yake maharagwe yalikuwa yameanikwa juu ya turubai, pale ambapo hema la waombolezaji lingesimama. Nyasi za ua hazikuwa zimekanyagwa na mtu. Akamwangalia mama, akaniangalia mimi, pua moja na paji moja la uso. Niliuona ukweli ukimfikia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kwenye maharagwe.

Laiti angenitukana. Alivua kofia, akasema, "Basi tuombe." Akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama wa boma hili, akamwombea afya na siku nyingi. Mama aliitikia amina kwa sauti. Yangu haikutoka. Mama alimkatia ndizi, akamsindikiza mwenyewe hadi langoni, na mimi nikabaki nimesimama na panga langu kama mwizi wa migomba.

Aliporudi aliketi kwenye kile kiti.

"Nilikufa na nini?" akauliza.

"Sikusema, mama."

"Hawakuuliza?"

"Waliuliza ulikuwa mtu wa namna gani."

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia ulikuwa mzuri."

"Mzuri," alisema, kama mtu aliyeonja mboga isiyo na chumvi. Alingoja kidogo aone kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akaenda kugeuza maharagwe yake.

Zile zawadi nilizirudisha zote kwenye ghala la chama, na viatu pia, bila maelezo. Wakanisifu kwa ukarimu, ati hata katika majonzi nawakumbuka wenzangu. Sijawaambia. Kila nikianza kuandika nafuta. Kijana wa Daraja Mbili bado yumo, anauza na kutaniana na wengine, na siri yangu hajampa mtu. Mimi haniuzii tena wala hanisalimii. Nikienda Daraja Mbili kununua mboga napita upande wa pili wa soko, mbali na mitumba.

Sukari yake mama aliiweka kwenye mkebe wa peke yake, hakuichanganya na yetu. Jumapili iliyofuata nilipofika nyumbani alinitilia chai, akaufungua ule mkebe, akatia, akakoroga. Yake aliinywa bila sukari. Nikamwambia mimi nimeacha sukari siku hizi. Akakisukuma kikombe kwangu taratibu.

"Kunywa," akasema. "Ni ya matanga yangu."