Matuta Yangu Yaliyotazama Barabara

Jamani, naona aibu hata pa kuanzia, lakini mmenishika, basi sikilizeni. Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Lodwar, na wivu ulikuwa unanila kama mchwa, sababu Mwalimu Akiru wa Kakuma (tulisoma naye chuo cha ualimu, tena mitihani mimi ndiye niliyempita!) alikuwa amegeuza kiwanja cha shule yake, mchanga mtupu kama wangu, kikawa bustani ya masomo, watoto wanajifunza habari za udongo na maji kando ya miche waliyoipanda wenyewe, na kila afisa wa elimu akishuka garini kwetu neno la kwanza ni "Akiru".

Nikaenda kuchungulia. Nikakuta kila mche umekingwa na tuta la udongo, umbo la nusu mwezi, la kushika maji ya mvua.

"Ejok, Mwalimu Wafula!" Akiru akanisalimu kwa Kiturkana. "Njoo nikuonyeshe linavyofanya kazi."

Nikamwambia nimeshaelewa. (Nimuulize yeye? Afadhali nife.)

Niliporudi Lodwar nikawachimbisha wanafunzi matuta makubwa kuliko yake, na midomo ya matuta, ule upande ulio wazi, nikaielekeza barabarani, ili afisa akifika ayaone vizuri. Afisa akaja, na pembeni yake nani? Akiru! Akayatazama matuta, akageuka akatazama kilima kilicho nyuma ya shule.

Tumo darasani tunakunywa chai, mvua ikashuka, ile ya Turkana isiyopiga hodi, maji yakaporomoka kutoka kilimani, yakagonga migongo ya matuta, yakakosa pa kuingia, yakageukia mlango wetu. Afisa akapanda juu ya dawati, kikombe mkononi. Mimi nikakimbia kuziba mlango kwa benchi, nikateleza, nikakaa kwenye tope mbele ya darasa zima (suruali nyeupe, tena ya kuazima).

Akiru akavua viatu, akashika jembe, akatoka kwenye mvua, akapasua matuta mpaka maji yakapata njia.

"Mwalimu, mdomo wa tuta hutazama maji yanakotoka," akaniambia, "hautazami wageni."

Hakucheka. Angecheka ningemchukia kwa raha.

"Mwalimu Akiru," afisa akasema kutoka juu ya dawati, "huyu utamfundisha lini?"

Nikaenda Kakuma, nikafundishwa nimebanana na watoto wa darasa la nne. Tangu hapo nimeapa: mtu akinizidi, namuuliza kwanza, ndipo namwonea wivu.