Roho ya Nekesa Iliitwa, Yangu Haikuitwa

Nilipokuwa msichana wa darasa la tatu, tukipanga nyumba ya vyumba viwili nje kidogo ya Kitengela, nilimwonea mdogo wangu wivu kwa sababu simba alikuwa amemnyamazisha. Najua sentensi hiyo inasikika vibaya. Nitaieleza kwa mpangilio.

Kila asubuhi mimi na Nekesa tulikatiza uwanja wa nyuma kwenda kuchukua maziwa kwa Mama Naserian, jirani yetu Mmaasai. Asubuhi moja, karibu na lango la boma lake, tulimkuta simba jike amemlalia mbuzi. Simba walikuwa wakitoka mbugani mara kwa mara, na watu wazima waliwazungumzia kama wanavyozungumzia polisi. Huyu alituangalia. Mdomo ulikuwa mwekundu hadi chini ya macho, na mbuzi bado alikuwa anarusha mguu mmoja wa nyuma, wa kushoto. Mbwa wakabweka, vijana wakatoka na mikuki, naye akaondoka akimburuta mbuzi wake bila haraka.

Nekesa alikuwa na miaka mitano. Hakusema neno siku hiyo, wala wiki hiyo. Mimi niliongea. Nilimweleza baba, mama, mwalimu, yeyote aliyesimama: rangi ya mbuzi, mguu upi, simba alielekea wapi.

"Huyu ni redio," jirani mmoja alisema, na wote wakacheka.

Kukhu, mama yake baba, alipanda basi kutoka Bungoma. Yeye aliamini kwamba mtu akishtuka sana, roho yake hubaki pale aliposhtukia, mwili ukarudi nyumbani peke yake. Lazima jamaa aifuate na nguo ambayo mtu huyo alivaa siku ile, aiite kwa jina, aibebe ndani ya nguo bila kutazama nyuma. Na mahali pale pale roho huitwa mara moja tu. Ukirudia, alisema Kukhu, hujui ni nani atakayeitikia.

Aliomba rinda la Nekesa. Mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni na sweta yangu, nimeikunja vizuri.

"Na yangu, Kukhu?"

"Yako ya nini? Mtu wa kelele hivi, roho yake ibaki wapi?" Alinishika kidevu akicheka. "Rudisha sweta, mama."

Nilimfuata kwa mbali hadi lango la boma. Aliita kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aliyechelewa mezani: "Nekesa, mwanangu, twende nyumbani. Nekesa, uji unapoa." Kisha akapita karibu nami na rinda lile kifuani, wala hakunitazama.

Alichinja kuku, akampa Nekesa firigisi, ambayo kwetu ni ya baba. Nekesa alitafuna, akasema, "Iko na chumvi mingi." Mama akalia kwa furaha. Mimi nilitamani ninyamaze nisiongee tena, lakini mtu akaniuliza kuhusu mbuzi, nikaeleza.

Nilisoma saikolojia chuoni, na nafikiri nilikwenda huko kumtafutia Kukhu makosa. Nilijifunza kwamba ubongo haushtuki wote kwa namna moja. Kuna sehemu ya mbele inayopanga maneno, kuna ya ndani inayohifadhi hofu, na chini kabisa, karibu na shingo, kuna inayolinda pumzi na mapigo ya moyo, isiyojua lugha wala tarehe. Kwa mtoto mmoja hofu huyafunga maneno. Kwa mwingine maneno huendelea kutoka, safi kabisa, huku chini yake mwili ukiwa bado umesimama mbele ya simba. Mhadhiri aliyasema hayo kwa utulivu, nami nikaweka kalamu chini. Kukhu hakukosea kwamba roho hubaki. Alikosea kudhani ilibaki moja.

Hadi leo harufu ya maziwa mabichi hunikatia pumzi. Usiku mimi hukagua kufuli, nikalala, nikaamka kulikagua tena. Nekesa naye anafuga mbuzi, mjini Kajiado.

Juzi nilimtembelea, nikamkuta anakamua. Nilisimama nje ya banda.

"Kuja basi, hawaumi. Uko na masomo yote hayo na unaogopa mbuzi?"

"Unamkumbuka yule simba?"

"Hapana. Nakumbuka tu Kukhu akiniita. Nilimsikia nikiwa kitandani." Akafikiri kidogo. "Kwani hiyo siku nilirudi nyumbani aje? Nilitembea?"

"Nilikubeba."

Aliacha kukamua. "Wewe? Na vile ulikuwa mdogo? Hiyo hujawahi kusema, na vile huwa unahadithia."

Ilikuwa kweli. Katika simulizi zangu zote kulikuwa na mbuzi, mbwa na vijana, mimi sikuwamo.

Bado namwonea wivu. Aliitwa, akasikia. Mimi nimemweleza simba yule vizuri kuliko mtu yeyote, na kumweleza hakujamwondoa. Kwa miaka mingi niliuonea wivu huo aibu. Sasa nafikiri ndio sehemu yangu pekee iliyojua, tangu darasa la tatu, kwamba mimi pia sikurudi mzima.