Programu Yangu ya Salamu

Nichekeni mkiweza, mimi nimeshindwa. Nasomea kompyuta chuo kikuu, na likizo hii nilipata kibarua katika hoteli moja ya Watamu iliyonunua kompyuta yake ya kwanza. Kwa kujishaua, nikaiandikia programu ya kuwasalimia wageni kwa Kiswahili. Inauliza hali ya nyumbani, mgeni anaandika jibu, nayo inamkaribisha kwa furaha. Jibu lenyewe sikuifundisha kulisoma, maana kwetu pwani ukiulizwa hali husema njema hata ukiwa na homa.

Siku ya kuwaonyesha wafanyakazi, baba mdogo akatokea kutoka kijijini kwetu Tezo, anakoishi na bibi yangu mzaa baba.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Nina neno nawe.”

“Neno baadaye, baba. Kaa hapa kwanza.”

Nilidhani amekuja kuyaona maajabu yangu. Nikamketisha mbele ya kompyuta, wenzangu wakasogea. Ikauliza: “Nyumbani hawajambo?”

Akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Meneja akamsifu. Nami nilikuwa nikitabasamu hadi nilipoyasoma maneno yake: “Mwanangu, bibi yako ametutoka.”

Kompyuta haikukawia: “Nimefurahi kusikia hivyo. Karibu sana.”