Sura Yangu Juu ya Kitufe

Mpaka leo nikikumbuka mambo haya nashtuka upya. Mimi kazi yangu ni kutengeneza michezo ya simu, hapa Kitui mjini. Siku nzima nawaza kitu kimoja tu: mtu akishika kioo, kidole chake kitaenda wapi. Nimewawazia watu nisiowajua, wa mbali kabisa. Halafu nikashindwa kumuwazia mtu mmoja ninayemjua, mama mzaa mke wangu, kule Nuu.

Alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea na maneno yakakatika yote. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa anatutazama tu kutoka kitandani, na hakuna aliyejua kama anaelewa tunachosema. Hilo ndilo lililotutesa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alishaanza kusema kwamba akili ya mama imeondoka, tumtunze mwili na mengine tumwachie Mungu. Mke wangu hakutaka hata kuyasikia. Kumpa kalamu haingesaidia, maana mama hakuwahi kusoma. Basi mimi nikajipiga kifua, nikasema niachieni, nitamtengenezea vitufe vya picha kwenye tableti, aguse anachotaka.

Injini ninayotumia kutengenezea michezo, ukiiomba kitufe inakupa kipande cha mstatili chenye neno katikati. Nikafuta maneno, nikapachika picha. Mara ya kwanza vitufe vyote vilitoka vyeupe pe, kwa sababu sikuwa nimeiambia injini kwamba picha zile ni za vitufe. Nikarekebisha. Mara ya pili kikombe cha chai kilivutwa kikawa kama karai, ikabidi nitafute mahali pa kuikataza isiharibu umbo la picha. Niliitukana ile mashine kwa Kikamba na kwa Kiswahili, lakini mwisho ilinyooka. Kulikuwa na kikombe, sahani ya isyo, yaani mahindi na maharagwe, blanketi, choo, Biblia, na sura ya mtu anayelia kwa maumivu. Hiyo ya kulia ukiigusa inafungua picha ya mwili mzima, ili mgonjwa aonyeshe anaumwa wapi.

Kilibaki kitufe cha kuanzia. Hapo ndipo ujuaji wangu uliponipanda kichwani. Nikaweka picha yangu mwenyewe, ile ya harusi, nimefunga tai. Nilitaka ajue kazi hii imefanywa na mkwe wake. Injini inakuruhusu kuweka picha moja kitufe kikiwa kimetulia na nyingine kikibonyezwa, kwa hiyo nikiguswa nacheka meno yote nje. Sura hiyo hiyo nikaiweka pembeni ya kila ukurasa, iwe kitufe cha kurudi mwanzo. Nilijipongeza sana.

Sasa, sisi Wakamba tuna jambo letu. Mwanamume na mama mzaa mke wake hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mama anapinda, au anavuta leso afunike uso. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Kwetu Mbooni wengi wa umri wangu wameiacha, lakini mama huyu hakuiacha, na wokovu wake haukuipunguza hata kidogo. Mimi nami niliifuata vizuri tu. Kila tulipofika Nuu nilikaa nje ya jikoni, na tableti iliingia chumbani mikononi mwa mke wangu.

Siku ya kumjaribu ilikuwa Jumamosi mchana. Shemeji aliingia ndani na dada yake. Mke wangu akabonyeza kumwonyesha mama, kisha akarudisha ukurasa wa mwanzo na kumwekea karibu na mkono wa kushoto. Mimi nje nilisubiri kusikia wakishangilia. Nilisikia kimya.

Shemeji ndiye aliyetoka kwanza. "Nilikuambia, shemeji. Hata kuiangalia hataki. Tusimsumbue tena, mama ameshaenda."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia maneno ambayo mkwe hasemi kwenye boma la watu, kwamba wao hawana subira, kwamba wanataka kumzika mtu anayepumua. Kabla hajanijibu, mke wangu akatoka, macho mekundu.

"Amekataa," akasema. "Kila nikimsogezea anafumba macho, anavuta leso anajifunika uso. Vile vile anavyofanya akikuona wewe ukipita..."

Shemeji akatuangalia mmoja baada ya mwingine.

Mwili wangu nilikuwa nimeuweka nje kwa heshima, kumbe sura yangu nimeituma mpaka kitandani kwake, imefunga tai, inacheka, na ninamtaka mama wa watu aidunge kidole ndio apewe maji. Huyo tuliyesema hana akili alikuwa na adabu zake zote timamu. Mwenye kasoro ya akili alikuwa mimi. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza mtu.

"Haki shemeji, umetumaliza," shemeji akasema, akakaa chini.

Nilifungua laptopu palepale. Nikaitoa sura yangu kila mahali, nikaweka mbuzi mweusi wa mama, niliyempiga picha hapo hapo uani. Nikakosea mara mbili. Injini ilichukua dakika kama kumi kuandaa upya.

Mke wangu akaingia nayo. Alipotoka alikuwa anatembea polepole.

"Amegusa mbuzi," akasema. "Sijamwonyesha, amegusa mwenyewe. Halafu akaruka chai, akaruka chakula, akagusa ile sura inayolia. Nikadhani amekosea, nikamrudisha mwanzo. Amegusa hiyo hiyo tena. Mwili ulipofunguka amegusa mguu wa kulia, huku juu." Akajishika nyonga.

Mke wa shemeji, ambaye ndiye aliyemtunza mama kila siku, alikuwa mlangoni pa jikoni akichambua maharagwe. Akaweka ungo chini.

"Siku ya kwanza kumwogesha aliniteleza," akasema. "Akaanguka kwa upande huo. Sikuona damu, nikamwinua. Nilidhani ni salama."

Hakuna aliyemgombeza. Tulitafuta gari jioni ile ile, wakampeleka hospitali ya Mwingi, mimi nikafuata nyuma kwa bodaboda. Eksirei ilionyesha mfupa wa nyonga umevunjika. Daktari akauliza ni tangu lini, na mke wangu akahesabu kwa vidole, akasema wiki tatu. Wiki tatu walimgeuza kitandani asubuhi na jioni juu ya mfupa huo. Alipolia walisema ni kiharusi, wakamwimbia pambio ili atulie, na Jumamosi nilizokuwapo mimi niliitikia kutoka nje.