Somo la Kupeana Mikono

Tulipomaliza mitihani ya mwisho, chuo kilituletea mwalimu wa kujiamini: kijana wa suti ya kubana na viatu bila soksi, anayetembea jukwaani kama jogoo. Akatufundisha kupeana mikono. "Ukiingia kwenye intavyuu, achana na shikamoo. Inakushusha. Toa mkono, mwangalie mtu machoni." Basi watu wazima wenye ndevu zao wakasimama, wakashikana mikono na kukodoleana macho. Yeye nilimdharau, na wao nikawadharau zaidi. Mimi nimelelewa Kariakoo na bibi ambaye usipomwamkia asubuhi hupati chai.

Mwenzangu wa chumba alimeza kila neno. Akawa anafanya mazoezi na kitasa cha mlango.

Tukaomba kazi moja, ya msaidizi wa mama mmoja wa Kichaga anayeuza mapazia kwa jumla, ghorofani, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Niliitaka kazi ile kwa kufa na kupona, maana nyumbani walishaanza kuniuliza nitaolewa lini.

Mwenzangu alitangulia. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona akimnyooshea mkono mtu wa umri wa mama yake mzazi. "Habari yako, madam." Nikaona aibu kwa niaba yake, huku moyoni nachekelea. Huyu kajimaliza mwenyewe.

Zamu yangu ilipofika nikaingia, nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umelelewa." Akatabasamu. "Hebu kaniletee chai ya tangawizi hapo chini."

Nilishuka ngazi nikijipongeza, mjinga mimi. Niliporudi na kikombe, mwenzangu alikuwa amekalishwa kwenye kiti, anaelekezwa kazi.

"Mama, mbona mimi hujaniuliza hata swali?"

"Nikuulize nini? Natafuta mtu wa kugombana na watu wa bandarini wanaonizuilia mzigo. Huyu mwenzako hana haya, ananifaa. Wewe utawaamkia tu."

Hasira zilinipanda mpaka machozi yakanilenga. Sikumchukia yule mama. Nilimchukia yule jogoo asiye na soksi, kwa kuwa alisema kweli. Nikaweka kikombe mezani, nikanyoosha mkono, nikamkazia macho.

"Kwaheri, mama. Lakini ungeniuliza kwanza."

Akaushika, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza naingia.

"Mkono huu ungeingia nao tangu mwanzo," akasema, akaonja chai yake.