Shimo Lililobaki Uani

Mwanangu, jana uliponionyesha kwenye simu nyumba ambazo watu wanataka kuzijenga mwezini, niliikumbuka tena siku ambayo najitahidi nisiikumbuke. Ulisema saruji haibebeki mpaka huko, kwa hiyo watatumia vumbi la huko huko. Nikacheka, kumbe nao watakandika kama sisi kule kijijini Wingwi! Kisha nikakurudishia simu yako.

Nilikuwa kigori tulipokwenda kukandika nyumba ya Ammi Juma, mdogo wake baba. Mtaa mzima ulikuja. Wanaume walichimba udongo hapo hapo uani, sisi tukateka maji, ukakandwa kwa miguu, na ilipofika alasiri fito zote zimeshafunikwa. Tukala wali kwa pweza. Watu wananawa mikono, Bi Time, mkongwe jirani yetu, akauliza, "Na shimo hili mwamwachia nani?"

"Liache, Bibi," Ammi akamjibu. "Mvua italijaza, tupate maji ya kufulia."

Watu wakacheka. Bi Time akasema, "Basi lizungushieni japo miba." Hakuna aliyeinuka.

Masika yalilijaza kweli. Mdogo wangu Zuwena, aliyekuwa ndio kwanza anajua kukimbia, alimfuata bata. Tulimtoa humo na matope mdomoni.

Matangani kila mtu alitaja kadari. Kadari siikatai, lakini shimo lile halikuchimbwa na malaika. Mama hakukanyaga tena uani kwa Ammi mpaka anakufa. Nami, kwa uzee wangu huu, sijawasamehe, na nikisema nimewasamehe nitakuwa namdanganya Mungu. Nyumba yenyewe ilishaliwa na mchwa, ikaanguka. Shimo lipo mpaka leo.

Basi wewe unayesomea ujenzi, usinisifie ukuta tu. Wakikuita kwenye kazi, iwe huko mwezini au hapa Konde, uliza udongo umechimbwa wapi na nani atapita hapo baadaye. Wakikwambia kule hakuna mtu, waulize nyumba hizo wanamjengea nani, na uwaambie watu wakishakaa mahali huzaa. Usikae kula nao mpaka shimo lifukiwe au lizungushiwe ua. Watakucheka, kama walivyomcheka Bi Time. Waache wacheke.

Mungu akufikishe unakotaka kufika, akubarikie mikono yako, na asikuonyeshe siku ya kumtoa mtoto wa mtu kwenye shimo ulilolichimba wewe. Amin.